Kung'oa jino: mwongozo kamili tangu uamuzi hadi pengo kupona

Kung'oa jino kwenyewe huchukua dakika chache. Kulitunza shimo linalobaki huchukua wiki nzima, na wengi wanaorudi kwa daktari wakilia kwa maumivu hurudishwa na shimo, jino lenyewe limeshasahaulika. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kueleza donge la damu linaloganda humo: likikaa, utapona vizuri, na likitoka mapema, mfupa unabaki uchi.

Kwanza hakikisha jino limefika mwisho wake

Jino linalokunyima usingizi si lazima liondoke. Maumivu ya kupwita yanayozidi ukilala hutoka kwenye kiini, ile nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu iliyo ndani ya jino. Kiini kinaweza kutolewa, mizizi ikasafishwa na kuzibwa, na jino likaendelea kutafuna kwa miaka mingi. Kwa hiyo muulize daktari waziwazi: "Jino hili linaweza kutibiwa mzizi? Likitibiwa, sehemu iliyobaki itatosha kushikilia kifuniko?" Kama uozo umeshuka chini ya fizi hadi kwenye mfupa, au mzizi umepasuka kwa urefu wake, jibu ni hapana, na kung'oa ni uamuzi wa busara. Ndivyo ilivyo pia kwa jino ambalo ugonjwa wa fizi umelila mfupa hadi linachezacheza ukiligusa kwa ulimi, na kwa gego la mwisho lililolala upande huku fizi iliyolifunika ikivimba kila baada ya muda.

Jambo moja husahaulika: maumivu ya jino hudanganya. Gego la chini lililooza linaweza kusikika kama la juu, upande uleule wa uso, kwa sababu mishipa yao ya fahamu inatoka shina moja. Kabla ya kung'oa chochote daktari anapaswa kuligonga jino, kulipima kwa baridi na kutazama eksirei. Kabla ya sindano, omba kioo akuonyeshe jino analokusudia kulitoa. Ni haki yako, na daktari makini hatachukia.

Ya kumwambia daktari, hata asipouliza

Mweleze dawa zote unazotumia, zikiwemo za kienyeji na za kununua bila cheti. Zifuatazo zinabadilisha mpango wa kazi.

Dawa za kuzuia damu kuganda. Usiziache kwa uamuzi wako. Hatari ya damu kuganda moyoni au kwenye ubongo ni kubwa kuliko ya shimo kuvuja kwa saa kadhaa. Anayetumia warfarini afanye kipimo cha INR, kinachoonyesha damu yake inachukua muda gani kuganda, ndani ya saa 24 kabla ya kung'olewa, au saa 72 ikiwa vipimo vyake vimetulia kwa muda mrefu. Kikiwa chini ya 4, kwa kawaida jino hung'olewa bila kusimamisha dawa, na shimo huwekwa kizibo cha kusaidia damu kuganda kisha hushonwa. Aspirini ya dozi ndogo ya kila siku nayo huendelea.

Dawa za kuimarisha mifupa, kama alendronati, asidi ya zoledroniki au denosumabu. Hizi hupunguza uwezo wa mfupa wa taya kujijenga upya, na baadhi ya wagonjwa hubaki na mfupa uliokufa mahali pa jino. Hatari ni kubwa zaidi kwa wanaochomwa sindano hizi kwa sababu ya saratani. Aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni aseme pia, hata kama ni miaka mingi iliyopita.

Moyo. Mwenye vali bandia, au aliyewahi kupata maambukizi ndani ya moyo, hupewa antibayotiki kabla. Dozi ya kawaida kwa mtu mzima ni gramu 2 za amoksilini, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'oa, isipokuwa kama ana mzio wa penisilini.

Presha ikisoma 180/110 au zaidi, jino lisilo la dharura huahirishwa hadi ishuke. Mwenye kisukari aende asubuhi, akiwa amekula na kutumia dawa zake kama kawaida. Mjamzito anaweza kung'olewa jino; mwezi wa 4 hadi wa 6 ndio wenye nafuu zaidi kwake, lakini jino lenye usaha halisubiri kujifungua, kwa sababu maambukizi ni hatari zaidi kuliko ganzi. Taja pia selimundu, ugonjwa wowote wa damu kutoganda, na mzio wa dawa au wa mpira wa glavu.

Siku yenyewe

Kama utachomwa ganzi ya kawaida, kula mlo kamili saa moja au mbili kabla. Njaa pamoja na hofu humfanya mtu azimie kirahisi kitini. Anayelazwa usingizi kwa dawa hufuata kanuni nyingine kabisa: asile kwa saa 6, na maji matupu yakome saa 2 kabla.

Piga mswaki vizuri, maana kinywa safi huacha bakteria wachache wa kuingia shimoni. Vaa nguo yenye mikono inayopandishwa kirahisi kwa ajili ya kipimo cha presha. Mvutaji wa sigara angefanya vyema kuacha siku kadhaa kabla, si siku ile tu.

Eksirei isirukwe kwa magego. Inaonyesha idadi na umbo la mizizi: gego la juu kwa kawaida lina mizizi 3, la chini 2, na mara nyingine ncha zake zimepinda kama ndoano. Inaonyesha pia majirani wawili wa hatari. Juu ya magego ya juu kuna uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa taya la juu, nyuma ya shavu, na chini ya magego ya mwisho ya chini unapita mshipa wa fahamu wa mdomo na kidevu. Daktari anayeujua umbali huo kabla ya kuanza hufanya kazi tofauti na anayekuja kuugundua katikati.

Ganzi

Ganzi inayotumika zaidi ni lidokaini ya asilimia 2 iliyochanganywa na adrenalini kidogo. Kichupa kimoja cha sindano kina mililita 1.8 au 2.2. Adrenalini hubana mishipa ya damu ili ganzi isisombwe haraka. Ndiyo pia inayofanya moyo uende mbio kwa dakika moja mbili baada ya kuchomwa. Hali hiyo inapita, usidhani ni mzio.

Kwa meno ya juu, mfupa una vitundu vingi, hivyo sindano huchomwa kando ya jino na ganzi hushika baada ya dakika 2 au 3. Magego ya chini yamezungukwa na mfupa mgumu. Hapo daktari huchoma nyuma kabisa ya taya ili kuufunga mshipa wenyewe, na nusu ya mdomo wa chini, ya kidevu na ya ulimi hufa ganzi. Subiri dakika 5 hadi 10. Mdomo wa chini usipohisi kuwa mnene na mzito, ganzi haijafika, na kazi isianze.

Hapa inafaa kuelewa tofauti ya vitu viwili. Ganzi inaondoa maumivu makali, haiondoi hisia ya kusukumwa. Utahisi taya likikandamizwa na utasikia mlio wa kukwaruza au kupasuka, kwa sababu sauti inapita mfupani hadi sikioni. Ukisikia kitu kikali kama kuchomwa, inua mkono. Daktari ataongeza ganzi. Usivumilie kwa kujikaza: misuli ikikaza, kazi inakuwa ngumu kwenu wote.

Jino lenye usaha ni gumu kufa ganzi, maana nyama iliyovimba ina asidi inayoizuia dawa kupenya kwenye mshipa. Daktari anaweza kuchoma mbali na uvimbe au kutoa usaha kwanza. Wengi huambiwa wamalize dozi ya antibayotiki ndipo wang'olewe. Wakati mwingine ni sahihi, hasa mdomo usipofunguka, lakini dawa peke yake haiponyi. Chanzo kiko ndani ya jino, na kulitoa ndiko kunakomaliza tatizo. Usiridhike na dozi ya tatu ya vidonge kwa jino lilelile.

Jino linavyotoka

Jino halikugandishwa kwenye mfupa. Limening'inizwa humo kwa nyuzi fupi za nyama, na nafasi kati ya mzizi na mfupa ni takriban milimita 0.2. Daktari huanza kwa kuitenga fizi, kisha huingiza chombo chembamba mithili ya bisibisi kati ya mzizi na mfupa, akakizungusha polepole. Nyuzi zinakatika na shimo linapanuka. Hatua hii ikifanywa kwa subira, koleo halitakuwa na kazi kubwa.

Koleo halivuti kwanza, ingawa ndivyo watu wanavyodhani. Linasukumwa kuelekea mzizini, kisha jino hupelekwa upande wa shavu na upande wa ulimi taratibu ili mfupa ulegee. Jino la mbele la juu, ambalo mzizi wake ni mmoja na mviringo, huzungushwa. Mivuto ya nguvu na ya ghafla ndiyo inayovunja mizizi.

Mzizi ukivunjika, si lazima kosa limefanyika. Jino lililooza sana au kutibiwa mzizi zamani limedhoofika na hukatika kirahisi. Daktari hukata fizi kidogo, huondoa mfupa mchache kwa mashine, akaligawa gego vipande viwili au vitatu na kutoa mzizi mmoja mmoja. Magego ya mwisho yaliyolala hutolewa hivyo tangu mwanzo. Baada yake hushonwa nyuzi: zile zinazoyeyuka hutoweka zenyewe, za hariri hutolewa baada ya siku 7 hivi. Kipande kidogo cha ncha kilicho karibu sana na mshipa wa fahamu huachwa mara nyingine kwa makusudi. Lazima uambiwe na kiandikwe kwenye faili lako.

Saa 24 za kwanza

Daktari hukunja shashi na kukuambia uing'ate. Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea. Shashi ikikaa juu ya meno ya jirani badala ya juu ya shimo, unang'ata meno na shimo linaendelea kuvuja. Lazima iwe nene kiasi kwamba meno ya juu na ya chini hayakutani, na ukaze taya bila kutafuna wala kuongea, kwa dakika 30 hadi saa moja. Usiichomoe kila dakika 5 kuangalia. Kila ukiichomoa unang'oa damu iliyoanza kuganda, na hesabu inaanza upya. Ukiitoa, iloweshe kwanza kwa maji kidogo ili isinase kwenye donge.

Baada ya hapo, hadi saa 24 zipite: usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara (hii hadi saa 72), usinywe pombe. Mrija na mate ya kutemwa huvuta hewa mdomoni, na mvuto huo unatosha kulichomoa donge. Mate yakijaa, yameze au yaachie yadondoke sinkini. Mate yenye rangi ya waridi hadi kesho yake ni ya kawaida. Tone moja la damu hupaka mate mengi.

Bonge la barafu lililofungwa kitambaa liwekwe shavuni dakika 15, litolewe dakika 15, siku ya kwanza tu. Lala umeinua kichwa kwa mito miwili. Usibebe vitu vizito wala kufanya mazoezi. Mdomo hubaki na ganzi saa 3 hadi 5, kwa hiyo usile cha moto wala cha kutafuna kabla haijaisha. Mtoto aangaliwe hasa: hutafuna mdomo wake wenyewe kwa mchezo, na jioni unakuwa na kidonda.

Dawa ya maumivu imezwe kabla ganzi haijaisha. Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula pamoja na parasetamoli miligramu 1000 hufanya kazi vizuri kuliko kila moja peke yake. Ibuprofeni isizidi miligramu 1200 kwa siku bila agizo la daktari, na parasetamoli isizidi miligramu 4000. Mwenye uzito chini ya kilo 50 au ugonjwa wa ini apangiwe dozi ndogo zaidi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizi, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mjamzito aiache ibuprofeni. Aspirini isitumike kutuliza maumivu haya maana inazidisha kuvuja, na kamwe usiweke kidonge juu ya fizi. Kinaunguza nyama.

Siku ya 2 hadi ya 7

Sasa anza maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, mara 4 au 5 kwa siku, hasa baada ya kula. Yajaze mdomoni, inamisha kichwa yafike shimoni, kisha yaachie yatoke. Usisukutue kwa nguvu za mashavu. Mswaki hupigwa kama kawaida kwenye meno mengine tangu siku ya kwanza, ukilizunguka shimo bila kuligusa. Kula laini, tafuna upande mwingine. Wali, mbegu na vyakula vinavyomeguka vidogovidogo vinaingia shimoni, viache kwa siku kadhaa. Sigara usiirudie kabla ya saa 72.

Uvimbe hufikia kilele siku ya 2 au ya 3, ndipo hushuka. Ndani ya shimo, donge lililokuwa jekundu iliyokolea hufunikwa na utando mweupe wa njano. Watu huuona kwenye kioo, wakadhani ni usaha, wakaukwangua kwa kijiti. Usiuguse. Ni kitambaa cha mwili wenyewe, kinachotangulia nyama mpya.

Mambo yanapokwenda kombo

Damu inayojaa mdomoni. Ondoa mabonge makubwa yaliyoning'inia nje ya shimo, kaa wima, kunja shashi mpya yenye unyevu na uing'ate dakika 30 bila kuitoa. Mfuko wa majani ya chai uliolowekwa na kukamuliwa unasaidia pia. Ukirudia mara mbili na bado inatiririka, nenda hospitali usiku huohuo.

Shimo kukauka. Maumivu ya kawaida hupungua kila siku. Yakianza kupanda tena kati ya siku ya 2 na ya 4, yakapiga hadi sikioni, pamoja na harufu mbaya na ladha chafu mdomoni, donge limetoka na mfupa uko wazi. Hutokea zaidi kwenye magego ya chini, kwa wavutaji sigara, kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, na pale jino lilipotoka kwa shida. Antibayotiki si tiba yake. Daktari huliosha shimo na kulijaza dawa ya kutuliza, na nafuu huja siku hiyohiyo, ingawa kupona kabisa huchukua siku 7 hadi 10. Rudi mapema. Hakuna sababu ya kulivumilia.

Maji au hewa kutokea puani baada ya gego la juu. Kuna tundu kati ya mdomo na uwazi wa shavu. Usipenge kamasi kwa wiki 2, piga chafya mdomo ukiwa wazi, na umwone daktari kesho yake.

Taya kukaza baada ya sindano ya nyuma hulegea lenyewe kwa mazoezi ya kufungua mdomo taratibu. Ganzi isiyoisha hadi kesho yake iarifiwe. Mara nyingi mshipa umechubuka tu na hurudi baada ya wiki au miezi.

Sasa la hatari: uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, ulimi kuinuliwa juu, kushindwa kumeza mate, sauti kuwa nzito, kupumua kwa taabu au homa. Hayo usiyasubirishe hadi asubuhi. Maambukizi ya chini ya ulimi yanaweza kuziba koo kwa saa chache, nenda idara ya dharura mara moja.

Baada ya fizi kufunga

Fizi hufunika shimo kwa wiki 3 au 4. Mfupa hulijaza chini kwa miezi 3 hadi 6, huku ukingo wa taya ukipungua unene. Katika wiki hizo unaweza kuhisi kitu chenye ncha kikichomoza kwenye fizi. Mara nyingi ni kipande kidogo cha mfupa kinachosukumwa nje, si jino lililosahaulika. Kikikusumbua, daktari hukitoa kwa dakika moja.

Pengo la gego la kutafunia lisiachwe bila mpango. Jino la nyuma yake huanza kuinama mbele, na lililo mkabala na pengo kwenye taya jingine hushuka au kupanda likitafuta mwenzake. Chaguo ni tatu: meno bandia ya kuvaa na kuvua, daraja linalobebwa na meno ya pande mbili, au pandikizi la titani linaloingizwa mfupani, ambalo mara nyingi husubiri mfupa ujae. Mtoto aliyeng'olewa gego la utoto mapema anaweza kuhitaji kifaa cha kushikilia nafasi, la sivyo jino la ukubwani litakosa mlango. Gego la mwisho halina haja ya mbadala wowote.